Kanisa la Escomb: Kijiji Kilichokosa Pesa za Kubomoa

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu mliokaa mbele, mafundi waashi mliokubali kuacha kazi ya mchana mje kunisikiliza, na nyinyi wanafunzi mliobanana kule nyuma: hamjambo, na shikamooni kwa wanaostahili.

Niliombwa nizungumzie kanisa la kijijini la Zama za Kati, historia yake na ujenzi wake. Najua wengi mlitarajia minara mirefu, madirisha ya vioo vya rangi, na sanamu za malaika kwenye kila kona. Leo hayo hayapo. Kanisa nililochagua halina mnara, na ukilitazama kwa mbali utadhani ni ghala la nafaka ambalo mwenyewe aliamua kulipandisha juu kupita kiasi. Liko Escomb, kijiji kidogo kando ya mto Wear katika jimbo la Durham, kaskazini mashariki mwa Uingereza, jirani na mji wa Bishop Auckland. Lilijengwa kuelekea mwaka 675. Mpate kipimo cha muda huo: maandishi ya Kikufi, hati ya kale ya Kiarabu, kwenye msikiti wa Kizimkazi kule Zanzibar, ambayo sisi tunajivunia ukongwe wake, ni ya mwaka 1107. Kanisa hili limeyatangulia kwa zaidi ya miaka 400, na kuta zake bado zimesimama, paa liko juu, na ibada inaendelea.

Hoja yangu naitoa mapema ili mnibane vizuri wakati wa maswali. Kanisa hili lipo kwa sababu wenyewe hawakuwa na pesa. Wapo watakaowaambia kwamba wazee wale walijenga kwa ustadi wa kupita kawaida ndiyo maana jengo limedumu. Ustadi ulikuwepo, na nitauonyesha. Lakini majengo mengi ya ustadi mkubwa zaidi, ya miaka ileile na ya eneo lilelile, yametoweka. Kilichookoa hili ni kingine.

Tuanze na mawe, maana hapa mawe ndiyo yenye habari.

Kiasi cha kilomita 3 kutoka Escomb palikuwa na ngome ya Kirumi iliyoitwa Vinovia. Leo pale panaitwa Binchester. Warumi waliianzisha kuelekea mwaka 80, kwenye barabara yao kuu ya kwenda kaskazini kutoka York. Utawala wao Uingereza ulipokoma kuelekea mwaka 410, askari waliondoka lakini ngome haikuondoka. Kuta zilibaki pale zaidi ya miaka 250, zikimomonyoka taratibu. Sasa nyinyi mafundi mnajua kuliko mimi kwamba bei ya jiwe haiko kwenye jiwe. Iko kwenye kulichimba, kulibeba, na zaidi ya yote kulichonga mpaka likae mraba. Waliojenga Escomb walikuta kazi mbili kati ya hizo tatu zimekwisha kufanywa, na aliyezilipia ni Kaisari. Kilichobaki ni kubeba.

Zunguka nje mpaka ukuta wa kaskazini, upande usiopata jua. Sogea karibu. Utaona mawe yaliyochanjwa michirizi ya mshazari inayokatana, ikaacha vialmasi vidogo vidogo uso mzima. Hiyo ni alama ya tindo la Kirumi. Waanglo-Saksoni, watu waliotawala baada ya Warumi na waliojenga kanisa hili, hawakuchonga hivyo. Jiwe moja linayo, la pili yake halina, la tatu linayo tena lakini michirizi imelala upande mwingine, kwa sababu aliyelipanga alilizungusha ili likae vizuri. Halafu inua macho kidogo. Kuna jiwe lina herufi: LEG VI. Zimesimama kichwa chini, miguu juu.

Hiyo ni Legioni ya Sita, jeshi lililofika Uingereza kuelekea mwaka 122 enzi za Kaisari Hadriano na kuweka makao yake York. Askari wake walichonga jina lao kwenye jiwe kwa fahari yote, na baada ya karne tano na ushei fundi mmoja akaligeuza akalipachika kwenye ukuta wa kanisa kama jiwe jingine lolote. Wageni wengi wakiona hivyo hucheka, wanasema fundi hakujua kusoma. Huenda. Mimi simuoni mjinga hata kidogo. Fundi anapolishika jiwe anatafuta uso uliolala sawa ndio aukalishe juu ya chokaa; herufi hazibebi uzito. Na kama ukuta ungepakwa lipu, kama ilivyokuwa desturi, nani angeziona?

Jiwe jingine lina maneno ya Kilatini BONO REI PUBLICAE NATO, yaani aliyezaliwa kwa manufaa ya dola. Ni sifa za kumpamba Kaisari. Nalo lilitumika kama tofali.

Sasa, kwa nini mawe? Swali hili si la kipuuzi. Watu wa Northumbria, ufalme uliotawala eneo hilo, walijenga kwa mbao. Nyumba za mbao, kumbi za wafalme za mbao. Hata Ukristo ulipoanza kushika mizizi kwao, mwaka 635, uliletwa na Aidan, mmonaki wa Kiayalandi kutoka kisiwa cha Iona aliyealikwa na Mfalme Oswald. Aliweka makao Lindisfarne, na mrithi wake Finan alijenga pale kanisa la mbao za mwaloni lililoezekwa matete. Habari hiyo tunaipata kwa Beda, mmonaki na mwanahistoria ambaye bila yeye tungekuwa gizani kuhusu karne ile, naye anasema waziwazi kwamba huo ulikuwa ujenzi wa mtindo wa Waayalandi, si wa mawe.

Mwaka 664 mambo yakageuka. Katika mkutano wa Whitby, Mfalme Oswiu aliamua kwamba Northumbria itafuata desturi za Roma, hasa katika kupiga hesabu ya siku ya Pasaka, na kuacha zile za Iona. Uamuzi wa kalenda, mtu angesema. Lakini ukibadili kalenda kwa heshima ya Roma utataka na majengo yafanane na ya Roma. Miaka 10 baadaye, mwaka 674, Benedict Biscop, mtu wa ukoo bora aliyekwisha kufika Roma mara kadhaa, alipewa ardhi na Mfalme Ecgfrith kwenye mdomo wa mto Wear ajenge monasteri, yaani makao ya wamonaki, ndiyo Wearmouth. Beda anasema Biscop alivuka bahari mpaka Galia, Ufaransa ya leo, kutafuta waashi wa kumjengea kanisa la mawe kwa namna ya Kirumi, namna aliyoipenda siku zote. Kisha akaagiza na mafundi wa vioo, kwa sababu Uingereza hapakuwa na aliyeijua kazi hiyo. Baadaye ikajengwa monasteri ya pili Jarrow. Jiwe la kuwekwa wakfu kwa kanisa lake lipo mpaka leo, na tarehe yake ni 23 Aprili 685.

Escomb iko kando ya mto uleule wa Wear, juu zaidi. Hakuna hati inayosema nani aliagiza lijengwe, wala nani alikuwa fundi mkuu. Beda aliishi Jarrow, si mbali sana, akafa mwaka 735, na katika maandishi yake yote hakulitaja. Tunalikadiria mwaka wake kwa kulinganisha namna mawe yalivyopangwa na yale ya Jarrow na Wearmouth. Mimi kimya hicho cha Beda nakichukulia kama habari ya kwanza kuhusu kijiji: hakikuwa mahali ambapo wakubwa walipita.

Tuingie ndani. Mlango uko kusini, kupitia kibaraza kilichoongezwa karne nyingi baadaye. Unakuta vyumba viwili tu. Ukumbi wa waumini una urefu wa kama mita 13 na upana wa mita 4 na nusu hivi, yaani urefu ni mara tatu ya upana, kwa makusudi kabisa. Mbele yake ni patakatifu, chumba cha mraba cha mita 3 kwa 3, alipokaa kasisi na madhabahu. Basi. Lakini kuta za ukumbi zinapanda kiasi cha mita 7, na hapo ndipo mtu anapoduwaa. Jengo ni jembamba kiasi kwamba watu wawili wakinyoosha mikono wanakaribia kugusa kuta zote mbili, lakini paa liko mbali. Shingo inapanda yenyewe. Makanisa ya Northumbria ya wakati huo yalikuwa na tabia hiyo, marefu kwenda juu na membamba, tofauti na yale ya kusini mwa Uingereza yaliyokuwa mapana zaidi. Waumini walisimama, viti vilivyomo leo ni vya zama nyingine.

Madirisha ya asili yaliyobaki ni matano, madogo, na yamewekwa juu sana. Ya kusini yana vichwa vya mviringo, ya kaskazini yana linta iliyolala. Moja liko juu kabisa kwenye ukuta wa magharibi. Angalieni ujanja wake: kwa nje tundu ni finyu, lakini unene wa ukuta umekatwa kwa mshazari ili tundu lipanuke kuelekea ndani. Upepo na mvua vinapata nafasi ndogo ya kuingia, mwanga unaoingia unatawanywa. Wachimbaji wa mambo ya kale walipofukua pale mwaka 1968 walipata vipande vya vioo vya madirisha vya enzi hizo. Kwa hiyo teknolojia ile iliyotoka Galia ilifika hata huku kijijini. Walipata pia misingi ya chumba kilichokuwa upande wa magharibi na kingine upande wa kaskazini wa patakatifu, ambavyo leo havipo.

Sasa tazameni pembe za jengo na miimo ya mlango. Hapo ndipo penye ustadi niliousema. Kwenye pembe wamepanga mawe makubwa kuliko mengine, hili limeelekezwa upande huu, linalofuata upande wa pili, ili kuta mbili zishikane. Kwenye miimo wanasimamisha jiwe refu wima, juu yake wanalaza jiwe bapa linalopenya unene wote wa ukuta, kisha wanasimamisha jingine, wanalaza jingine. Jiwe lililolala linaufunga mwimo na ukuta. Lililosimama linapandisha urefu haraka kwa jiwe moja. Wataalamu wa majengo ya Kisaksoni wakikutana na mpangilio huu kwingineko huutaja kwa jina la Escomb. Mtu mwenye mawe makubwa na watu wachache wa kuyanyanyua atauelewa mara moja.

Na kuna saa ya jua, nje, juu kwenye ukuta wa kusini. Hapa ruhusuni nitulie kidogo, maana ni kitu ninachokipenda kuliko vyote. Ni jiwe lililochongwa, nyoka amelizunguka kwa juu, na katikati kuna tundu ambamo kijiti kilichomekwa kutoa kivuli. Wanaihesabu kuwa miongoni mwa saa kongwe kabisa za Uingereza zilizobaki mahali pake pa asili. Ina mistari mitatu tu. Mwingereza wa leo akiitazama anachanganyikiwa, kwa sababu saa yake inaanza usiku wa manane. Mimi niliisoma bila tabu, na nyinyi mngeisoma vilevile. Mstari wa kwanza saa tatu, wa katikati saa sita, wa mwisho saa tisa. Hao watu walihesabu mchana kuanzia jua linapochomoza, sawasawa na sisi, na hizo zilikuwa nyakati za sala. Mgeni aliyesimama karibu yangu alikuwa akimweleza mkewe kwamba mfumo huo ulikufa zamani. Nilinyamaza, adabu ya ugenini.

Nirudi kwenye hoja ya pesa.

Mwaka uleule wa 674 hivi ambao Biscop alianza Wearmouth, Askofu Wilfrid alijenga Hexham, naye kwa mawe ya Kirumi. Kanisa lile lilisifiwa kuwa halikuwa na mfano upande huu wa milima ya Alps. Leo ukifika Hexham, kilichobaki cha Wilfrid ni hasa chumba cha chini ya ardhi. Juu yake kila kizazi kilijenga chake. Jarrow, kwa Beda mwenyewe: sehemu moja ya Kisaksoni imebaki, ambayo sasa ndiyo patakatifu, kanisa kubwa lilibomolewa mwaka 1782, likajengwa jingine, nalo likaondolewa karne ya 19 likajengwa jingine tena. Wearmouth: ukuta wa magharibi na kibaraza chake ambacho baadaye kilipandishwa kuwa mnara. Hayo ndiyo makanisa yaliyokuwa na wafalme, maaskofu na mahujaji. Kila pesa ilipoingia, fundi aliitwa.

Escomb fundi hakuitwa. Inaingia kwenye maandishi mara ya kwanza kati ya mwaka 990 na 1018, na tazama inaingiaje: Askofu Aldhun aliikabidhi kwa mabwana wakubwa wa Northumbria pamoja na ardhi nyingine za kanisa. Inatajwa kama shamba katika orodha ya mashamba. Wanormani, wavamizi kutoka kaskazini mwa Ufaransa, walipotwaa Uingereza baada ya 1066 walibomoa na kujenga upya makanisa mengi makubwa, na hapo Durham wakaanza kujenga kanisa kuu lao maarufu mwaka 1093. Escomb hawakuigusa. Katika karne ya 13 kijiji kilijikongoja kikatoboa madirisha machache makubwa zaidi ili kasisi aone anachosoma. Tao la ndani, lililo kati ya ukumbi na patakatifu, likapigwa rangi. Mabaki ya maua ya kuzungushana bado yanaonekana chini ya mviringo wake. Kibaraza kikaongezwa. Hakuna mbawa zilizoongezwa kushoto wala kulia, kwa sababu watu hawakuongezeka kiasi cha kuzihitaji. Makaburini nje, uwanja ni wa mviringo, umbo ambalo mara nyingi huashiria ukongwe mkubwa, nao hawakuunyoosha.

Kisha makaa ya mawe yakaja. Karne ya 19 Durham yote ilifukuliwa, wachimbaji wakamiminika, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka 675 Escomb ikawa na watu wengi kuliko kanisa lake. Wakapata pesa. Na walifanya nini? Kilekile ambacho wenye pesa wamefanya siku zote: mwaka 1863 walijenga kanisa jipya kubwa juu ya kilima. La zamani wakaliacha. Paa likaanza kuporomoka, mvua ikaingia, na kwa miaka kadhaa jengo lililovuka karne 12 lilikuwa gofu kijijini kwake lenyewe. Katika umri wake wote sidhani kama liliwahi kuwa karibu na kifo kuliko katika miaka hiyo ya neema.

Bahati ni kwamba walijenga jipya mahali pengine. Wangekuwa na kiwanja kidogo zaidi wangelibomoa la zamani ili wajenge palepale. Kati ya 1875 na 1880, wataalamu walipotambua wanachokitazama, likaezekwa upya na kukarabatiwa, na kwa ukarabati wa enzi ya Malkia Victoria ni jambo la kushangaza jinsi walivyojizuia. Wenzao makanisani kwingine walikwangua kuta na kuweka urembo wao kila mahali.

Kanisa la kilimani halikufika mbali. Lilianza kuharibika, likabomolewa mwaka 1971. Miaka 108. Waumini wakashuka kilima wakarudi kwenye mawe ya Legioni ya Sita, na ndiko wanakosali mpaka sasa, katikati ya nyumba za kawaida za karne ya 20 zilizolizunguka kanisa pande zote.

Nimebakiza tao. Linatenganisha ukumbi na patakatifu, refu na jembamba, na ndilo kitu cha kwanza kinachokujia machoni ukiingia. Mawe yake yamekatwa kwa mshazari sahihi, kila moja likielekea kwenye kitovu kimoja cha duara, yakakaa pamoja kwa kiungo chembamba. Wataalamu wengi wanasema hilo ni tao la Kirumi lililobomolewa ngomeni, likabebwa jiwe kwa jiwe, likasimamishwa tena. Wengine wanasema waashi wa karne ya 7 waliweza kulichonga wenyewe. Mimi niko na wa kwanza, na sababu yangu ni ya kifundi. Linganisheni tao hilo na vichwa vya madirisha ya kusini. Kule mviringo umechimbwa ndani ya jiwe moja tu. Hakuna aliyejaribu kupanga vipande. Fundi anayejua kukata mawe ya tao kwa usahihi ule hawezi kukwepa kazi hiyo kwenye dirisha dogo ambalo ni rahisi mara kumi. Na miimo inayobeba tao hilo imepangwa kwa mtindo wa wima na bapa niliowaeleza, mtindo wao wenyewe. Kwa macho yangu pale pamekutana mikono miwili tofauti: ya kupanga miimo, na ile iliyochonga tao karne kadhaa kabla yake.

Najua mwalimu pale mbele hakubaliani nami, nimemwona akitikisa kichwa tangu nilipotaja madirisha. Mwenyekiti, naomba apewe kipaza sauti yeye kwanza.